Rangi Nyeupe kwenye Mawe ya Wenyewe

Ninyi mnaoniuliza habari za vidole vyangu, kaeni basi. Nimechoka kumsimulia kila mmoja peke yake, na kila nikianza hakosi wa kunikatiza na kunitania eti nimefanyiwa mambo ya kichawi huko Sumbawanga. Sikufanyiwa lolote. Ngozi ya vidole imetoka kwa sababu nilishinda kutwa nzima nikisugua mawe kwa mchanga, nafuta rangi niliyoipaka mwenyewe jana yake. Nitawaeleza ilikuwaje, ila safari hii mnisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu ya mambo ya kale mnaijua. Nilitumwa Ufipa, kwenye kilima chenye marundo ya mawe. Ni makaburi ya watu wa zamani sana, waliokuwapo kabla hata ya wenyeji wa leo kufika. Mkandarasi wa barabara ya vijijini aliyaona marundo hayo akafurahi, kwani aliona mawe yameshakusanywa, kilichobaki ni kupakia na kusaga kokoto. Alikuwa ameambiwa ni mawe yaliyotolewa mashambani. Katapila lilikuwa lianze kazi Jumatatu asubuhi. Makubaliano yalikuwa kwamba rundo lenye alama ya ofisi yetu haliguswi, na lisilo na alama ni halali yake. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilipanda basi Mbeya nikiwa na brashi, na kopo kubwa la rangi nyeupe nimelipakata kama mtoto.

Mbeya hadi Sumbawanga

Tulipovuka foleni ya malori ya Tunduma, jirani yangu kitini, jamaa mmoja wa koti la ngozi, aligonga kopo kwa kidole.

"Dada, unaenda kupaka nyumba?"

"Napaka mawe."

"Mawe gani tena?"

Mnaujua mdomo wangu. Nikamwambia makaburi ya kale, ya mawe, huko milimani. Akajisogeza.

"Ya Mjerumani hayo."

"Ya kale kuliko Mjerumani."

"Basi ndiyo yenyewe! Mjerumani alikuwa anatafuta kaburi la watu, anafukia mali yake humo, anaweka alama. Msalaba, namba, mshale. Usipoijua alama utachimba mpaka uzeeke."

Mama wa kiti cha nyuma akadakia kwamba kwao kuna mtu alifukua sanduku akajenga nyumba ya ghorofa. Mwingine akasema ni kweli, ila mtu huyo alirukwa na akili. Basi zima likawa mkutano wa hazina. Mimi nikacheka, nikawaambia Mjerumani angekuwa na mali hiyo angeibeba alipofukuzwa. Wote wakacheka isipokuwa yule wa koti. Akaniuliza kijiji ninakokwenda. Hapo angalau sikumtajia.

Tulipofika Laela mkanda wa feni ukakatika. Konda akatangaza dakika kumi. Mjue dakika kumi za konda wa basi bovu: nilikula wali maharage kwa mama lishe, nikanywa chai, nikatembea mpaka mwisho wa soko nikarudi, nikala hindi la kuchoma, na fundi bado amelala chini ya basi miguu nje. Kila mara niliangalia jua. Nilijua katapila nalo liko njiani mahali fulani, limebebwa juu ya lori, na lori lile halina mkanda uliokatika. Nikamgombeza konda. Akaniambia, "Dada, hata ukinipiga, mkanda hautajishona."

Tuliingia Sumbawanga giza limeshatanda. Baridi ya kule sisi watu wa Mbeya tunaijua, lakini upepo wake una ugomvi. Nililala nimevaa kila kitu nilichokuwa nacho.

Sumbawanga hadi kijijini

Kutoka Sumbawanga unaweza kwenda Chala, unaweza kwenda Kasesya mpakani, unaweza kuteremka bondeni upande wa Milepa. Nilishika mojawapo, kisha nikaiacha. Mtaniona nina maringo, lakini sitasema ni ipi, wala jina la kijiji, na hata majina ya watu nimeyabadilisha. Sababu mtaiona.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja kunichukua kwa pikipiki yake mwenyewe. Nitamwita Bwana Deo. Mtu mzima, amevaa suti ya Jumapili na gambuti, hana maneno mengi. Nikamwambia twende moja kwa moja kilimani.

"Leo Dominika," akasema. "Kwanza Misa."

"Mwenyekiti, mashine inaanza kesho."

"Na Misa inaanza sasa hivi."

Nikakaa kanisani na kopo langu la rangi chini ya benchi. Padri hakuwapo, katekista aliongoza ibada, na mahubiri yake yalikuwa marefu kama mahindi ya bonde. Nikadhani tukitoka tutaondoka. Hapana, ikawa chakula. Ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na maharage. Nikala harakaharaka huku nachungulia nje, na mke wa Bwana Deo akadhani sikupenda chakula, akaenda kunichinjia kuku. Jamani, nilitamani kulia. Nilisimama mlangoni nikisikia yule kuku anafukuzwa uani, jua linapita kichwani, na makaburi yangu hayajapata hata tone la rangi.

Aliyeniletea maji ya kunawa alikuwa mkwe wa Bwana Deo, binti mtaratibu, ana mimba ya kuonekana. Alipoondoka, Bwana Deo akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba njia nzima.

"Masika yaliyopita huyu alishikwa na uchungu. Tukampakia kwenye pikipiki. Ile njia uliyoiona leo ni kavu, masika ni tope mpaka hapa." Akaonyesha goti. "Alijifungulia njiani. Mtoto hakufika hospitali."

Nikampa pole.

"Sasa barabara imekuja, kokoto ipo karibu, na wewe umekuja kuilinda. Unalinda wafu ambao hata wewe huwajui jina. Mimi niwaambie nini watu wangu?"

Nilikuwa na hotuba ya ofisini kuhusu urithi wa taifa. Niliiacha. Nikamwambia tu kwamba mawe yapo mengine, makaburi hayapo mengine. Akainuka akawasha pikipiki, na kuku wa watu tukamwacha mezani.

Kijijini hadi kilimani

Kilima hakina miti. Ni nyasi na upepo, na kwenye mgongo wake yale marundo yamejipanga, mengine yanafika kiunoni, mengine yananipita kimo. Pande zote kuna mashamba, yale matuta ya mviringo ya majani yaliyofukiwa kwa udongo ambayo wenyewe wanayaita intumba. Katikati ya intumba alisimama mama mmoja na jembe begani, japo ni Dominika. Nitamwita Mama Yustina. Shamba ni lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo kopo la nini?"

Kabla sijajibu, Bwana Deo akanionyesha rundo la kwanza. "Angalia mwenyewe, mtaalamu. Mawe ya juu bado yana udongo wa jembe. Mimi mwenyewe nimetupa mawe hapa tangu mtoto. Hili ni jalala la shamba, ndivyo nilivyomwambia mkandarasi, na sikusema uongo."

Ilikuwa kweli. Mawe ya juu yalikuwa mapya, mengine hayajaota hata kuvu. Kwa mtu anayepita na haraka zake, lile ni rundo la shamba. Lakini chini yake kulikuwa na duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa wima, yamekaa pale mpaka yamekuwa sehemu ya kilima.

"Hukutupa," Mama Yustina akamkatiza. "Mama yako alikufundisha kutupa?"

Akanieleza. Hapo kwao, jembe likigonga jiwe kwenye yale mashamba ya kilimani, jiwe lile huliweki njiani wala huliviringishi bondeni. Unalibeba, unalipeleka kwa wenyewe. Nikauliza wenyewe ni nani.

"Hatuwajui. Tuliwakuta. Tunalima kwao, basi tukitoa jiwe kwao tunawarudishia."

Nilisimama pale nikatamani kumkumbatia. Vizazi na vizazi watu wamekuwa wakiwafunika wageni wasiowajua, na kwa heshima yao hiyohiyo makaburi yakafanana na takataka za shamba. Lakini jua lilikuwa linashuka. Nikafungua kopo.

Alama ya ofisi yetu ni namba ndani ya duara, na pembeni mshale wa kuonyesha kaskazini. Nilipochora ya kwanza, Mama Yustina akaweka jembe mbele ya brashi yangu.

"Hapana. Mimi rangi ya serikali naijua. Mdogo wangu yuko Mbeya, walimchorea ukutani, wiki haikuisha nyumba ikaangushwa. Unataka kunibomolea shamba?"

"Mama, hiyo ni alama ya kubomoa. Hii ni ya kulinda."

"Rangi ni rangi."

Tukabishana, na nakiri nilipandisha sauti, maana nilikuwa nimechoka na giza linakuja. Nikamwambia kesho atanishukuru. Akaondoa jembe, si kwa kukubali, ila kama mtu anayemwachia mlevi njia. Nikapaka rundo baada ya rundo, upepo ukinirushia rangi usoni. Nilipomaliza, nikageuka nikayatazama yote yanang'aa kilima kizima. Nikajisifu. Niliteremka nikala yule kuku, na nikalala usingizi mzuri kuliko wote wa safari ile.

Jumatatu asubuhi, kilimani tena

Niliamshwa na ngumi za Bwana Deo mlangoni. "Njoo uone ulinzi wako."

Tulipofika juu, watu walikuwa wameshajaa. Marundo mengine yote yalikuwa salama. Lile la kwanza, lenye namba moja, lilikuwa limefumuliwa. Mawe yalitupwa huku na huku, na palikuwa na shimo refu limechimbwa kuanzia pale hasa ulipoelekea mshale wangu. Mpini wa sururu uliovunjika uliachwa juu ya udongo.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilikumbuka basi zima, msalaba, namba, mshale. Nilikuwa nimewachorea watu ramani ya hazina kwa brashi ya serikali.

Ila wao walikuwa na hesabu nyingine. Baba mmoja akauliza kwa sauti, wote wasikie: "Huyu mgeni amekuja na rangi jioni, usiku pamechimbwa. Wenzake wako wapi?"

"Mali mmepeleka wapi?" mwingine akadakia.

"Mwenyekiti, umemleta wewe!"

Wakanizunguka. Sikuwahi kuogopa hivyo kazini. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi mwenye maneno. Mtu mmoja akashika mkanda wa begi langu. Kwa sababu sikuwa na pa kwenda, nikashuka shimoni.

Hapo ndipo nilipouona mfupa. Taya, dogo, linaenea kwenye vidole viwili. Meno bado yamo ndani, hayajachomoza, madogo kama punje za hindi changa. Pembeni palikuwa na shanga za maganda ya kome zimetawanyika. Nikapiga magoti, nikawaita. Kelele zikapungua. Bwana Deo akachuchumaa ukingoni, akavua kofia.

"Ni wa nini huo? Wa mnyama?"

"Wa mtoto, mwenyekiti."

"Wa umri gani?"

"Hajaota jino. Hajamaliza mwaka."

Alilitazama lile taya. Kisha akainuka, akaenda kusimama peke yake, ametupa mgongo. Mkono ulioshika begi langu uliachia.

Na hapohapo tukasikia injini. Katapila lilikuwa limeshateremshwa barabarani, linapanda kilima.

Nataka mnielewe nilipokuwa. Nikiiacha rangi, usiku unaofuata watachimba namba mbili, na namba tatu, mpaka kilima kiishe. Nikiifuta, katapila liko pale, na kisicho na alama ni halali yake. Nilikuwa nimeshika brashi iliyokauka, na sikujua la kufanya. Nililia, tena mbele za watu.

Mama Yustina hakuniambia "pole" wala "si nilikuambia?" Alifungua kitenge alichojitanda juu ya gauni, akashuka, akaufunika ule mfupa na shanga zake. Akapanda. Akachukua jiwe moja kati ya yale yaliyotupwa, akaliweka. Akachukua lingine. Wanawake wakafuata, kisha wanaume, na yule aliyeniita mwizi akabeba jiwe la watu wawili. Mimi nilibeba nao.

Katapila lilipochomoza juu ya kilima, dereva alikuta umati kimya, wanawake wamejifunga vitenge, wanaume kofia mkononi, watu wanafukia. Akazima injini. Akashuka, akavua helmeti.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," watu wakajibu, maana kwetu hakuna jibu lingine.

"Ni nani?"

Mama Yustina akanyoosha mgongo. "Mwenyeji," akasema.

Dereva akaitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yakapanda mgongo wa kilima, rundo baada ya rundo, yote ya umbo lile lile la hili tunalolifunika. Nilimwona anaelewa.

"Mwenyekiti," akasema polepole, "wewe ulisema haya ni mawe ya shamba, na bosi amesema ukishikilia hivyo nisihesabu rangi. Mimi siwezi kupitisha chuma kwenye makaburi ya watu. Niambie sasa hivi, nimwambie bosi."

Wote tukamgeukia Bwana Deo. Neno moja tu, "shamba", lingempa barabara kabla ya masika. Mkwe wake alikuwa kule chini nyumbani na mimba yake. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

"Ni makaburi," akasema. "Yote."

"Mawe mengine yako ng'ambo ya mto. Mvua ikianza, mto haupitiki. Barabara itasubiri kiangazi."

"Naelewa."

"Haya." Dereva akavaa helmeti. Kabla hajapanda akaokota jiwe, akaliweka juu ya rundo, akageuza mashine.

Kurudi

Katapila lilipoondoka, alama hazikuwa na kazi tena. Kijiji kinajua na mkandarasi anajua. Waliobaki kuziona ni wachimbaji tu. Nikachota mchanga nikaanza kusugua. Rangi ya mafuta haitoki kwenye jiwe kirahisi, na ofisi ilinunua ile nzuri. Vidole vikachubuka. Bwana Deo akaleta ndoo ya maji na gunia, akasugua rundo la pili wakati mimi niko la kwanza. Tulifanya kazi mpaka jua likazama.

Asubuhi yake, aliponiteremsha stendi ya Sumbawanga, akanipa ujumbe.

"Utaandika huko ofisini kwenu kwamba wafu wako salama."

"Nitaandika."

"Andika na barabara kwamba bado."

Nimeandika. Nimeandika mara mbili, na Jumatatu naenda kwenye ofisi inayohusika na barabara, nikae mlangoni mpaka mtu anijibu kuhusu kuvusha mawe kabla mto haujajaa. Yule binti atajifungua masika. Anayetaka kunisindikiza aje, tena aje na kiti chake.

Basi la kurudi halikuharibika. Jirani yangu aliuliza nimetoka wapi, nikamwambia msibani.

Na wewe uliyenitumia ujumbe jana ukiomba nikutumie lokesheni ili ukapige picha, jibu lako ni hili. Nenda Ufipa, barabara yoyote. Ukimwona mama ameacha jembe anatoka shambani na jiwe mikononi, usimuulize analipeleka wapi. Msaidie kulibeba.